Soda za Pole

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, mchana, mke wangu alifariki. Pamba ilikuwa imeanza kutoa maua. Aliugua kwa muda mfupi, tukampeleka hospitali Bariadi mjini, na hakurudi. Sitaandika zaidi juu ya ugonjwa wenyewe kwa sababu siuelewi, na walionieleza walinieleza wakati nilikuwa sisikii.

Aliacha mtoto mmoja wa kike, aliyekuwa bado ananyonya na ndiyo kwanza anaanza kukimbia bila kuanguka. Aliacha pia utaratibu wake wa kumnywesha mtoto huyo. Huo ndio ninaotaka kuuandika. Hakuurithi kwa mama yake wala kwa mama yangu, ulikuwa wake mwenyewe, na niliuona ukipotea mbele ya macho yangu.

Alikuwa na kikombe cha plastiki cha kijani, chenye vishikio viwili. Asubuhi alichemsha maji, akayaacha yapoe, akayatia kwenye mtungi mdogo uliokaa pembeni mwa mlango. Mtungi ule hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuchota humo. Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo. Sisi wakubwa tumeshazoea, ila kwa ajili ya mtoto alikinga maji ya mvua kutoka kwenye bati na kuyatunza kwenye pipa lenye mfuniko. Mtoto alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, akanywa, na maji mengi yakaishia kifuani. Mama yake hakumsaidia. Alikaa chini akimtazama mpaka amalize, kisha akamfuta kwa upande wa kanga. Tangu mtoto alipotimiza mwaka, alipewa pia maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, kidogo, baada ya kula, kwenye kikombe hicho hicho. Chai hapana. Soda hapana. Juisi ya unga hapana. Chupa ya kunyonyea haikuwahi kuingia nyumbani kwetu.

Mambo hayo aliyapata kliniki. Nilivyosikia, wanawake wengi hupiga soga wakati muuguzi anafundisha, yeye alikuwa anasikiliza. Akirudi ananisimulia nikiwa nakula.

"Wamesema akizoea utamu sasa hivi, maji atayachukia," aliniambia siku moja. "Na mtu anayechukia maji ataishije hapa kwetu kiangazi?"

Dada yangu mkubwa anakaa ng'ambo ya njia, ukitoka mlangoni kwetu unaona moshi wa jiko lake. Yeye alimcheka sana mke wangu kwa jambo hilo. Alikuwa akija na kikombe chake cha chai mkononi, anasimama uani.

"Wifi, huyu mtoto unamlea au umemfunga? Hata chai ya rangi jamani?"

"Chai mnywe wenyewe, wifi. Ndiyo maana mnaogopa kucheka mbele za watu."

Dada ana pengo la meno ya mbele. Alicheka mpaka akakaa chini na kumwaga chai yake, mkono mmoja umeziba mdomo, na mke wangu akamnyooshea kidole: "Ona! Si nimesema?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu mpaka mwezi wa tatu.

Msibani mwanaume aliyefiwa na mke hana kazi. Wengine wanachimba, wengine wanachinja, wengine wanakata kuni. Yeye anakaa kwenye kiti chini ya turubai, anashikwa mkono, anaambiwa pole. Nilikaa hapo. Kutoka pale niliweza kuona mlango wa jikoni na wanawake waliokaa mkekani, na mtoto wangu akipita kutoka paja hili kwenda paja lile. Alikuwa analilia ziwa. Hakuwa akililia kitu kingine.

Jirani mmoja, mzee wa watu, alikuja na baiskeli kutoka dukani akiwa ameshika soda ya chungwa. Alipita moja kwa moja mpaka walipokaa wanawake.

"Mpeni huyu," alisema. "Mama yake, mayu wake, ameondoka. Angalau apate kitu kitamu."

Wakamshikia chupa. Mtoto hakuwahi kuonja kitu cha namna hiyo. Gesi ilimpanda puani, akapiga chafya, akashtuka, akatutazama wote kama anayeuliza nani kamfanyia vile. Kisha akaishika chupa tena. Watu walicheka. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka pale nyumbani tangu tulipotoka hospitali, na mimi pia nilicheka. Sauti ya kulia ilikatika. Kila mtu aliyekuwepo aliona kwamba dawa imepatikana.

Kuanzia hapo, kila aliyekuja kutoa pole alikuja na kitu cha mtoto. Soda, juisi za pakti, kopo la glukosi, barafu za mfuko zenye rangi nyekundu. Wengine walitoka mbali kwa pikipiki, wameweka soda mfukoni mwa koti isivunjike njiani. Nilikuwa nawaona wanaipapasa kabla hawajashuka. Ningesema nini? Kwetu kukataa kitu cha pole ni kumwambia aliyekileta kwamba pole yake haitoshi. Nilisema wabeja kwa kila mmoja, maana yake asante kwa Kisukuma, nikawaona wakielekea mkekani.

Baada ya mazishi watu waliondoka mmoja mmoja. Mama mkwe wangu, ambaye kwake ni Lalago, alibaki ili amlee mjukuu. Nilimshukuru Mungu kwa hilo na bado ninashukuru. Mimi shamba lilikuwa linaningoja, na dada ana watoto wake.

Lazima nieleze jambo moja kwa asiyetoka kwetu. Mama mkwe hasogelewi. Nikimwona anakuja njiani, mimi naingia majanini apite. Chumba alichokaa siingii. Sili naye, simtazami usoni, na sibishani naye kwa neno lolote. Vijana wa mjini siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao, sina neno nao. Sisi tulilelewa hivyo, na heshima hiyo ndiyo iliyomfanya mama huyu anipe binti yake. Nikiwa na la kumwambia, namtuma dada.

Basi mama mkwe aliishi nyumbani kwangu miezi mingi na hatukuwahi kuzungumza ana kwa ana. Nilimjua kwa sauti yake nyuma ya ukuta, na kwa mambo niliyoyakuta nikirudi shamba. Siku moja nilikuta chupa ya kunyonyea imeanikwa kwenye uzio. Ndani yake kulikuwa na alama ya chai.

Nilimwita dada. Alikwenda, nami nikakaa nyuma ya nyumba nikinoa jembe ambalo halikuhitaji kunolewa. Walizungumza Kisukuma, mimi naandika kwa Kiswahili.

"Mayu," dada alianza kwa upole, "marehemu alikuwa hampi mtoto chai. Wala chupa. Baba yake anaona tungeendelea vile vile."

Kisha mama mkwe akasema, bila hasira:

"Mimi ndiye nimemzaa aliyemzaa huyu. Nilimlea kwa chai na uji. Alikua au hakukua?"

"Alikua, mayu."

"Huyu akilala anatafuta ziwa kifuani kwangu. Anavuta hii ngozi, hapati kitu, analia. Nimempa chupa amenyamaza. Ziwa limeondoka, mwanangu. Mama ameondoka. Sasa unataka nimnyime na sukari?"

Niliendelea kunoa.

Nilijaribu mwenyewe kwa njia niliyoweza. Jioni mtoto alikuwa wangu, bibi yake akipika. Nilichukua kikombe cha kijani, nikachota maji mtungini, nikampa. Alikipokea kwa mikono miwili kama zamani, akaonja, akanitazama. Akayamwaga chini taratibu, bila ubishi, kama mtu anayemwaga kitu kilichoharibika. Nilichota tena. Akasukuma mkono wangu. Akaanza kunipapasa mifuko ya shati kuona kama kuna kingine. Mvua zilipokwisha na pipa likakauka, tukabaki na maji ya kisima yenye ile chumvi, na hapo hata kuyaonja alikataa. Mama yake alikuwa amelisema jambo hilo mapema nikiwa nakula.

Wakati wa kuvuna pamba dada alimpeleka kliniki, nami nikafuatana nao kwa sababu nilitaka kusikia mwenyewe. Mtoto alipimwa. Mstari wake wa uzito ulikuwa umelala, haupandi. Muuguzi aliuliza anakunywa nini, nikamwambia kila kitu. Alifunua mdomo wa mtoto kwa kidole gumba. Mimi nilikuwa nimeona weupe kama chokaa kwenye meno ya juu, karibu na fizi, nikadhani ni mabaki ya ugali. Muuguzi alisema huo ni mwanzo wa kuoza.

"Anashiba sukari, ndiyo maana hataki maziwa wala chakula," alisema. "Na akilala na chupa mdomoni, ile chai inakaa kwenye meno usiku kucha. Lakini msimkatishe ghafla. Chai iongezeni maji kila siku kidogo kidogo, sukari ipungue, mpaka ibaki maji matupu. Chupa iondoke, kikombe kirudi. Maji na maziwa vinamtosha, hahitaji kingine."

Njiani dada alibeba maneno yale kama mtu aliyebeba mayai, akiyarudia. Alipofika alimweleza mama mkwe yote, na mwisho akaongeza la kwake:

"Na ninyi watu wa Lalago, chai yenu kijiko kinasimama chenyewe. Ukiongeza maji hata wewe utalala vizuri."

Nilisikia mama mkwe akicheka. Kicheko kifupi, lakini kilikuwa kicheko. Akasema, "Kama ndivyo alivyokuwa anataka binti yangu, tutajaribu."

Na alijaribu kweli. Sitaki mtu asome hapa aone kwamba mama yule alikuwa mkaidi. Kila asubuhi nilisikia anaongea na mtoto akichanganya: "Leo tumepunguza kidogo tu, bibi, hata hutajua." Mtoto alijua. Alilia, akatupa, akalala chini akigonga miguu. Zipo siku walilia wote wawili, mmoja analilia sukari na mwingine analilia mtoto wake, nami niko uani nafunga marobota ya pamba. Lakini chai ilizidi kuwa nyepesi. Chupa ikafichwa. Siku moja nilitoka shamba nikamkuta amekaa chini karibu na mtungi, ameshika kikombe cha kijani kwa mikono miwili, anakunywa. Kifua kilikuwa kimelowa. Bibi yake alikuwa amekaa pembeni, hamsaidii. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikasimama huko kwa muda.

Kisha ikaja siku ya kumaliza msiba. Tulikuwa tumesubiri pamba iuzwe ili ndugu wapate nafasi ya kuja, na walikuja kweli, wa Lalago na wa Kiloleli, gari limejaa. Mapema nilimwomba dada awaambie wageni mtoto asipewe soda. Alisimama mlangoni akatangaza, akajitahidi kufanya utani:

"Wageni wetu, soda zipo kwa ajili yenu. Huyu mdogo yeye ameokoka, anakunywa maji tu!"

Watu wakacheka. Mama mdogo wa marehemu, mwanamke mnene mwenye sauti, hakucheka.

"Yatima anakatazwa soda siku ya mama yake? Pamba mmeuza, halafu chupa moja inawauma?"

"Siyo hivyo, mayu, ni kliniki wamesema..."

"Kliniki! Kliniki ndiyo iliyozaa? Lete mtoto hapa."

Dada alitazama upande wangu. Nilikuwa kwenye kiti kile kile, chini ya turubai lile lile, nimezungukwa na wakwe zangu wote, watu ambao hata macho siwezi kuwainulia. Mama mkwe alikuwa amempakata mtoto. Alimshikilia kidogo, akatazama mkeka, kisha mikono ikalegea. Mtoto akapita kutoka paja hadi paja mpaka jua likashuka, na kila paja lilikuwa na chupa yake. Wote walikuwa wanampenda. Sijaona siku aliyopendwa kama ile.

Kesho yake alipopewa maji alikitupa kikombe ukutani, kishikio kimoja kikakatika. Chupa ya kunyonyea ilitolewa ilikofichwa. Mimi sikumtuma dada tena. Nilimwonea huruma dada, nikamwonea huruma mama mkwe, na sikujua nimtume akaseme neno gani jipya.

Ule weupe kwenye meno ukawa njano, halafu kahawia, halafu meno yakawa yanamong'onyoka kama chokaa ya ukutani. Mvua zilipoanza tena, tukiwa tunapanda, mdomo wa juu ulivimba. Hakula. Hata chai aliikataa, na hapo ndipo bibi yake alipoogopa.

Asubuhi ya kwenda hospitali nilisimama uani nikisubiri pikipiki. Dada alitoka ndani akiwa na mtoto mgongoni, akanipa mfuko. Ndani yake kulikuwa na chupa ya maji yaliyochemshwa na kikombe cha kijani, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, kishikio kimoja hakipo. Dada alisema si yeye aliyeviweka. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma ya mlango, ukingo wa kanga yake ukionekana. Alianza kuongea kwa sauti, lakini alimwambia mtoto.

"Bibi, mwambie baba yako, mimi nilitaka tu usilie."

Nilitazama chini. Nikamjibu kwa njia hiyo hiyo, nikimshika mtoto mguu.

"Mwambie bibi yako, hata mimi."

Ndiyo mazungumzo pekee tuliyowahi kuwa nayo.

Daktari wa meno alikuwa kijana aliyetoka mkoa mwingine, hajui Kisukuma. Hakutugombeza. Aliangalia, akauliza kama analala na chupa, nikasema ndiyo. Akauliza, "Mama yake yuko wapi?" Dada akainamisha kichwa. Kijana alisema meno mawili ya mbele hayaponi, yatoke kabla usaha haujaharibu yaliyo chini yake, na kwamba mengine atakayoota baadaye bado tunaweza kuyatunza. Akarudia yale yale: maji, maziwa, kikombe. Niliitikia kila neno. Nilikuwa nayajua yote.

Nilimshika mikono na dada akamshika kichwa. Sitaandika alivyolia.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la nje na watu wengine. Mtoto alikuwa ameuma kipande cha pamba, damu inachuruzika kidogo kidevuni. Akaitema. Dada alimtazama mdomoni akasema, "Haya, shangazi, sasa tumefanana. Tutakuwa tunacheka tumeziba midomo wote wawili." Alitaka kutuchekesha. Alipofika katikati ya sentensi alikumbuka maneno yale yalikuwa ya nani, akaziba mdomo wake kweli, akageukia ukutani.

Nilitoa kikombe, nikamimina maji, nikamsogezea mtoto. Akatikisa kichwa. Nikasubiri, nikamsogezea tena. Akatikisa kichwa.

Kwenye benchi letu alikuwepo mama mmoja aliyesema ametoka Nassa, amemleta mumewe. Alikuwa anatutazama muda wote.

"Mama yake mmemwacha nyumbani?" aliuliza.

"Alifariki," dada alisema.

Yule mama alishika kifua. "Jamani. Jamani, ng'wana wa watu, mtoto mdogo hivi." Akainuka, akatoka getini, nami nikajua anakokwenda. Nilitaka kuinuka nimfuate, nimwambie hapana mama, tafadhali, leo hapana. Mtoto alikuwa mapajani kwangu. Sikuinuka.

Alirudi na soda ya chungwa, baridi, imefunguliwa tayari, ina mrija. Alipiga goti mbele ya mtoto na kumpa kwa mikono yote miwili.

"Kunywa, mama. Pole sana. Kunywa unyamaze."

Nilisema wabeja.

Mtoto aliipokea. Alivuta mara moja, soda ikafika kwenye vidonda, macho yakamtoka. Hakulia. Aliitazama ile chupa kama alivyotutazama siku ya kwanza, msibani, alipopiga chafya. Kisha akaniwekea mkononi, akalaza kichwa kifuani kwangu.

Yule mama alikuwa bado amepiga goti, anatungoja. Niliinywa mimi, mpaka ikaisha.